Nyumba, Yai na Mbuni wa Serengeti

Katika miji ya Wakurya wa Tarime, na ya jirani zao Waikoma, Wangoreme, Wanatta na Waisenye wakaao upande wa Serengeti, tangu zama ambazo wazee huzihesabu kwa marika wala si kwa miaka, lilikuwapo suali moja lililoulizwa kila mtoto alipozaliwa, wala halikuulizwa kwa udadisi mtupu, kwa kuwa juu ya jawabu yake nyumba ilisimama au ilianguka: je, ni wa kiume au wa kike? Binti alipokewa kwa furaha, maana ng'ombe wa mahari yake ndio ambao nduguye angeolea. Walakini nyumba iliyojaaliwa mabinti watupu ilikuwa na mali isiyokuwa na mrithi, na mama wa nyumba hiyo alitazamwa kana kwamba tumbo lake ndilo lililochagua.

Kwa Wakurya, nyumba si udongo na nyasi tu. Nyumba ni mama, na watoto wake, na ng'ombe waliohesabiwa kuwa wao. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu katika mji mmoja, na ijapokuwa ng'ombe walilala pamoja, mahari ya binti wa nyumba hii hayakuvuka kwenda kumwozea kijana wa nyumba ile bila ya deni kuhifadhiwa katika vichwa vya wazee. Nasaba ilipita kwa baba, lakini ilipita katika mlango wa mama. Na mlango usiotoa mwana wa kiume ulihesabiwa kuwa umefungwa. Hapo ndipo iliposimama desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambayo wengine huiita nyumba mboke. Mwanamke mtu mzima asiyekuwa na mtoto wa kiume, aghalabu mjane au aliyekwisha kukata tamaa ya kuzaa, alitoa ng'ombe wa mahari kama wanavyotoa wanaume, akamtwaa msichana, akamweka nyumbani mwake. Mwanamume aliyeridhiwa akaja kuzaa naye, na watoto wakawa wa nyumba ile, si wa mwanamume yule. Hapakuwa na mambo ya unyumba baina ya wanawake hao wawili. Kwa hesabu ya ukoo msichana alikuwa mkamwana, kana kwamba ameolewa kwa ajili ya mwana ambaye hakuzaliwa, na neno lenyewe la Kikurya, omokamona, ni ndugu wa neno letu la Kiswahili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari baina ya mwanamume na mwanamke, haikuipa desturi hii mahali, lakini desturi haikuondoka. Mimi naiona kuwa ni jambo la pande mbili: imewastiri wajane wengi wasifukuzwe katika ardhi yao, na imewatia wasichana wengi wadogo katika ndoa wasiyoichagua. Lakini neno langu leo si juu ya desturi, bali juu ya lile suali lililoizaa, yaani ni nani aletaye jinsia ya mtoto. Kwa kuwa jawabu yake, ilipopatikana katika karne ya 20, ilitokana kwa sehemu kubwa na viumbe wanaoparura katika ua ule ule, nao ni kuku.

Kiswahili hakikuwafanyia kuku ubahili wa maneno. Tunaye kifaranga, ambaye hatujui ni nani. Kisha pora, jogoo kijana anayejaribu sauti yake. Tembe, ambaye hajataga. Mtetea, aliyekwisha kutaga. Koo, mama wa kulea. Na jimbi, mwenye ua. Utajiri huu wa majina unaanza baada ya siku nyingi, kwa sababu hapo awali macho hayafai kitu: vifaranga kumi wa mama mmoja wanatoka wamefanana, na mwenye kuwafuga angependa mno kujua wangapi watataga na wangapi wataishia chunguni. Ndiyo maana watu wa kila taifa walijaribu kulitabiri yai. Aristotle Myunani alisema kwamba yai refu lenye ncha hutoa jike, na la duara hutoa dume. Plinio Mrumi, aliyekuja baada yake kwa karne kadhaa, alisema kinyume chake kabisa. Na utabiri wa namna hiyo ungali ukisikika vijijini hata sasa, kila mtu akiwa na hakika ya upande wake. Wote wamekosa, kwani umbo la yai halina khabari ya jinsia.

Khabari hiyo imo ndani, katika nyuzi ndogo zilizomo katika kila chembe ya mwili, ambazo wataalamu huziita kromosomu na ambazo huja mbili mbili, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Binadamu anazo 46, kuku 78, na mbuni 80. Mwaka 1905, katika miaka ile ile ambayo Wadachi walikuwa wakiitawala nchi ya Mara kutoka maboma yao ya Shirati na Ikoma, mwanamke wa Kimarekani aitwaye Nettie Stevens, mwalimu wa chuo cha Bryn Mawr, aliwachunguza wadudu walao unga akaona kwamba katika mbegu za dume nusu zinao uzi mkubwa na nusu zinao uzi mdogo, na kwamba mbegu yenye uzi mdogo ndiyo iletayo dume. Edmund Wilson aliyafikia mambo hayo hayo mwaka ule ule. Kwa jumla ndivyo ilivyo kwa binadamu: mama anazo X mbili, naye hana la kutoa ghairi ya X; baba anazo X na Y, na kile atakachokitoa ndicho kitakachoamua. Tumbo lililolaumiwa kwa karne zote hizo halikuwa na hiari yo yote.

Walakini mwaka uliofuata, 1906, Waingereza wawili, Doncaster na Raynor, walitangaza jambo la kupindua hesabu. Katika nondo mmoja wa bustani, waliona kwamba rangi fulani inarithiwa kwa njia inayofahamika tu ikiwa jike ndiye mwenye nyuzi mbili zisizolingana, na dume ndiye mwenye nyuzi pacha. Mwaka 1908 Spillman, mtaalamu wa kilimo wa Marekani, aliona kwamba kuku nao wamo katika sharia hiyo ya nondo. Tangu hapo nyuzi za ndege zilipewa herufi nyingine ili zisichanganywe na zetu: jimbi ni ZZ, na mtetea ni ZW.

Haya si maneno ya maabara peke yake; mfugaji wa Nyamwaga au wa Natta aweza kuyashuhudia uani kwake, akipata mtetea mwenye manyoya ya michirizi myeupe na myeusi, ya ile namna ijulikanayo ulimwenguni kwa jina la Plymouth Rock, na jogoo mwekundu asiyekuwa na michirizi. Jeni ya michirizi, yaani kile kipande cha uzi kinacholeta michirizi hiyo, imepanda juu ya Z. Mtetea huyo ana Z moja tu, na hiyo humpa mwanawe wa kiume, kwa kuwa binti amekwisha kupewa W. Basi vifaranga madume wote watatoka na michirizi ya mama yao, na majike wote watatoka wamemfuata baba. Tena hata siku ile ya kwanza, kabla ya michirizi yenyewe kuota, dume hujulikana kwa doa jeupe la utosini. Ndipo biashara kubwa ya kuku wa mayai ilipopata mojawapo ya hila zake, ya kutenga tembe na pora siku ya kuanguliwa, nayo ilitokana na kujua tu kwamba mama ndiye anayegawa. Na mama huyo hugawa mapema mno: uamuzi hufanyika ndani ya kokwa ya mayai ya mtetea, saa chache kabla kiini cha yai hakijatoka kwenda kukutana na mbegu ya jogoo, hata jogoo anapofika, jinsia imekwisha kupita, wala yeye hana neno.

Sasa na tutoke uani, tushuke kutoka milima ya Tarime, tuvuke mto Mara na tupite Mugumu, mpaka tufike mbuga za Serengeti, ambako yupo ndege aliye mzee wa mashahidi katika kesi hii. Mbuni wa huko ni yule aitwaye mbuni wa Kimasai, mwenye shingo na mapaja ambayo kwa dume hung'aa kwa wekundu wakati wa kupandana; dume ni mweusi mwenye manyoya meupe ya mbawa na mkia, jike ni wa rangi ya vumbi. Watu wa Mara walimjua mbuni kabla ya hifadhi kuwapo. Manyoya yake yalikuwa pambo la kichwa la vijana, kwa Wakurya katika ngoma na kwa Wamasai katika umorani. Na wawindaji wa magharibi ya Serengeti, waliokuwa wakiwapelekea Wasukuma mikia ya nyumbu na vitu vingine vya porini ili wapate mifugo na chuma, walikuwa na elimu ya wanyama isiyopungua ile ya mtu aliyesoma. Elimu hiyo iliwaokoa pale sotoka ilipoangamiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Oscar Baumann, Mzungu aliyeipita nchi hiyo mwaka 1892, aliikuta njaa imekwisha kuwamaliza Wamasai wengi, na wenye upinde walikuwa na nafuu kuliko wenye zizi.

Katika miaka hiyo hiyo manyoya ya mbuni yalikuwa yakitafutwa mno Ulaya kwa ajili ya kofia za mabibi, na mji wa Oudtshoorn katika Afrika Kusini ulijengwa kwa faida yake mpaka soko lilipoanguka mwaka 1914. Hofu ya kumaliza mbuni wa porini ilikuwa kubwa hata mataifa yaliyokutana London mwezi Mei 1900 kuagana juu ya wanyama wa Afrika yalitaja kwa jina ulinzi wa mayai yake. Baadaye Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na wawindaji wa Ikoma wakasimamishwa mpakani mwa pori walilolijua kichaka kwa kichaka. Jambo hilo lina uchungu wake, nami sitaki kulipita kana kwamba halikuwa. Lakini mbuni alibaki.

Naye amekaa muda gani? Kusini ya mbuga hizo, Laetoli, katika majivu ya volkeno ambamo nyayo za wale viumbe waliotutangulia zimehifadhika, yalipatikana maganda ya mayai ya mbuni yenye umri wa miaka milioni 3.8, na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba ndani ya maganda hayo wamezikuta protini zilizosalia, kongwe kuliko zote zilizokuwa zimesomwa hata wakati huo. Lakini hiyo ni jana tu kwa mbuni. Ukoo wake, ulio mmoja na wa emu na kiwi, uliachana na ukoo wa kuku, njiwa, tai na shomoro zamani za kupita miaka milioni 100, na ndani ya mwili wake amechukua hati ambayo ndege wengine karibu wote wameipoteza.

Hati yenyewe ni W yake. Mwaka 1967 Susumu Ohno, Mjapani aliyefanya kazi California, aliandika kitabu akieleza kwamba kromosomu za jinsia hazikuumbwa hivyo tangu awali, bali zilikuwa jozi ya kawaida, nyuzi mbili zinazolingana, kama jozi nyingine zote. Nyuzi mbili za namna hiyo, wakati wa kutengeneza yai au mbegu, hukaa ubavu kwa ubavu zikabadilishana vipande, na mabadilishano hayo ndiyo dawa yake: kipande kilichoharibika hupata kutengwa na kilicho kizima. Ikatokea kwamba upande mmoja wa jozi ulishika jeni ya kuamua jinsia. Kisha sehemu iliyoizunguka jeni hiyo ikaacha kubadilishana na mwenzake, na baada ya zama ndefu sehemu nyingine ikafuata, na nyingine tena. W, iliyokuwa imefungiwa upande wa majike tu, isipate pa kutibiwa, ikaanza kupoteza jeni zake moja baada ya moja. Katika kuku wa leo Z inazo jeni karibu elfu moja, na katika W zimehesabiwa 28 zilizosalia kutoka katika ile jozi ya kwanza. Hizo 28 hazikubaki kwa bahati. Nyingi ni zile ambazo mwili hauwezi kuvumilia upungufu wake.

Ohno alisema hayo akiwa na darubini na hoja tu. Ushahidi kamili ulikuja mwaka 2014, Qi Zhou na wenzake walipozisoma kromosomu za ndege wa aina 17, mbuni akiwamo. Ndege kadhaa walionekana na tabaka za uharibifu kama tabaka za udongo katika korongo la Olduvai, kila tabaka ikionyesha wakati ambapo mabadilishano yalikatika. Lakini katika mbuni na emu, karibu theluthi mbili za W na Z zinaendelea kubadilishana hata leo, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Chini ya darubini W ya mbuni inakaribia kulingana na Z yake, ilhali W ya kuku ni kibanzi. Wengine wamekwenda mbali upande wa pili: katika jamaa ya vipozamataza, ndege wadogo wa nyasi ambao jamaa zao huimba juu ya mbuga hizo hizo, kromosomu za jinsia zimemeza vipande vya kromosomu nyingine hata zimekuwa kubwa kuliko za ndege wote wanaojulikana. Mzazi mmoja, na hatima mbalimbali. Kwa nini mbuni alisimama karibu na mwanzo wa safari, wataalamu wangali wakijadiliana, na nadhani mjadala huo utachukua muda.

Mtu atauliza: ikiwa nyuzi za mbuni hazijaachana sana, mbona dume na jike wake wanatofautiana rangi kama usiku na vumbi? Jawabu ni kwamba weusi ndio asili, na rangi ya vumbi huletwa na homoni za kokwa ya mayai; katika mashamba ya Afrika Kusini, tangu mwanzo wa karne iliyopita, ilionekana kwamba jike aliyeondolewa kokwa hiyo huota manyoya meusi ya dume. Kuku naye yuko hivyo kwa kiasi. Mtetea ana kokwa moja tu ifanyayo kazi, ya kushoto, na ikiharibika kwa maradhi huenda akaota kishungi kikubwa na manyoya ya jogoo, akaanza kuwika. Kuku jike awikaye amehesabiwa kuwa nuksi katika nchi nyingi za kwetu na amechinjwa kwa khofu. Na katika mji wa Basel, mwaka 1474, jogoo aliyeshitakiwa kwa kutaga yai alihukumiwa na kuchomwa moto mbele ya umati. Walikuwa wakimwadhibu mgonjwa.

Kubwa kuliko hayo kwangu ni ile njia ya W. Haipiti kwa baba hata siku moja. Hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kwa binti wa binti, bila ya kukatika, tangu kabla ya milima ya Ngorongoro kuinuka. Claire Spottiswoode na wenzake, waliofanya kazi Zambia, wamemchunguza mlembe, yule ndege amwongozaye mrina asali kwenye mzinga, ambaye hutaga katika viota vya wenyewe; wakaona kwamba majike wachaguao viota vya aina moja na wale wachaguao vya aina nyingine ni koo mbili za mama zilizoachana zamani sana, kila binti akishika njia ya mamaye. Hii ndiyo nyumba hasa: nyumba ambayo binti ndiye mrithi, na mwenye madume watupu ndiye ambaye mlango wake umefungwa. Lau ndege wangekuwa na nyumba ntobhu, wangeifanya kwa kukosa binti.

Lakini kuku asitumiwe kumhukumu mke wa mtu. Nyuzi za ndege na zetu si ndugu: Z ya kuku inalingana, kwa sehemu kubwa, na kromosomu yetu ya 9, ambayo wanaume na wanawake tunayo sawasawa, na sehemu za X yetu katika kuku zimo katika nyuzi za kawaida zisizohusika na jinsia. Mbili hizo zilizuka mbali mbali, katika koo zilizokwisha kuachana. Kinachoshirikiwa ni jeni moja, iitwayo DMRT1, ambayo kwa kuku imo katika Z, na dume mwenye nakala zake mbili hujenga korodani kwa nguvu yake. Kwetu imo katika hiyo kromosomu ya 9, na mtoto mwenye XY akipungukiwa nakala yake moja huweza kuzaliwa na umbo la kike. Kwa hiyo aliyesema katika ua wa Tarime kwamba jike ndiye aletaye jinsia, alisema kweli juu ya kuku wake na uongo juu ya mkewe. Na wanawake wangapi wamerudishwa kwao, au wameletewa mke mwenza kwa aibu, kwa uongo huo, hapana daftari lililowaandika.

Basi walimu wa elimu ya viumbe mlio katika shule za Sirari, Nyamongo, Mugumu na Robanda, nawaomba mkifika katika somo hili msianzie kwenye X na Y ubaoni. Leteni darasani mtetea mwenye michirizi na jogoo mwekundu, waelezeni wanafunzi wahesabu vifaranga wenye doa utosini na wasionalo, na kisha waulizeni wenyewe, wavulana wakiwapo, ni mzazi yupi aliyegawa huko kwa kuku, na ni yupi agawaye kwetu.